Simu Ndani ya Ndoo

Katika chumba cha kufulia cha hospitali ile kubwa, hakuna aliyeyajua madoa kama Mama Kalamu. Wenzake wakishindwa na shuka walimwita yeye. Alilitandaza juu ya meza ya saruji, akaligeuza, akaliinamia kama daktari anayesikiliza kifua cha mgonjwa, kisha akasema hili lilowekeni kwenye maji baridi, lile litupeni, limeshakufa. Miaka kumi na mmoja alikuwa humo, katikati ya mvuke na ngurumo za mashine, na sifa yake ilikuwa moja: mtu wa subira. Lakini subira ile aliitundika ukutani kila jioni pamoja na aproni. Nyumbani alifika mikono mitupu.

Kalamu ni bintiye, mtoto wa pekee, mwenye miaka kumi na mitatu. Jina hilo la utani alipewa na baba yake kwa sababu hakukuwa na mahali penye nafasi asipochora: migongoni mwa madaftari, kwenye maboksi ya sabuni, hata kwenye mkono wake mwenyewe akikosa karatasi. Alichora zaidi viganja vya mikono ya watu. Ukimuuliza kwa nini, anasema uso unaweza kudanganya.

Simu aliletewa na baba, dereva wa malori ya safari ndefu, alipofaulu mtihani wa darasa. Mama hakupendezwa.

"Mtoto wa umri huu, simu ya nini?"

"Mama watoto, dunia ndiyo hiyo. Humo atajifunza kuchora kuliko atakavyofundishwa na mimi na wewe."

"Na akijifunza mengine?"

"Wewe si upo?" alisema dereva, akapanda lori lake, akaenda zake.

Ni kweli alikuwepo. Ila kuwepo kwa mtu anayetoka alfajiri na kurudi kiuno kikimuuma ni kuwepo kwa namna yake. Alimuona Kalamu ameinamia kioo cha simu, anatabasamu peke yake, akajiambia afadhali ametulia ndani kuliko kuzurura.

Ikaja Alhamisi moja. Siku hiyo wafuaji wawili hawakutokea kazini, na mashine kubwa ilizimika ikiwa imejaa mashuka na maji. Mama Kalamu na mwenzake mmoja waliyatoa yote kwa mikono, wakayakamua, mmoja huku mmoja kule, mpaka mabega yakawaka moto. Msimamizi akaja kuwagombeza kwa kuchelewa. Alipofika nyumbani alasiri, hata neno la salamu lilikuwa mzigo.

Kalamu alikuwa amesimama kwenye mlango wa nyuma, pembeni ya ndoo ya nguo zilizolowekwa. Simu aliishika kwa mikono miwili, kama mtu aliyebeba kikombe kilichojaa mpaka ukingoni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umepika?"

"Nimepika. Mama, nataka nikuonyeshe kitu. Lakini naomba usinigombeze."

"Ukianza hivyo, ujue nimeshaanza kugomba. Lete."

Akaipokea. Jambo la kwanza aliloliona lilikuwa picha ya binti yake, amekaa kitandani, nywele hajazifunga, anacheka. Chini yake maneno ya mtu mwingine: *Mpenzi wangu, mbona leo kimya?*

Hakuendelea kusoma. Damu ilimpanda, na mkono ukatangulia akili. Kofi lilimpata Kalamu shavuni, likamsogeza mpaka ukutani.

"Mpenzi wako nani? Eti mpenzi! Mimi nakatika mgongo kwa mashuka ya wagonjwa, wewe uko humu unajianika?"

"Mama, subiri, soma yote. Soma huku juu..."

"Nisome nini? Nimeshaona cha kuona! Futa. Futa kila kitu, na hiyo akaunti yako, hapa hapa mbele ya macho yangu!"

Kalamu akaanza kufuta. Simu ikauliza kama ana uhakika. Mtoto akainua macho kumtazama mama yake.

"Bonyeza!"

Akabonyeza. Ndipo mama alipoinyakua ile simu na kuitumbukiza ndani ya ndoo, akaikandamiza chini ya nguo kwa kiganja, kama mtu anayezamisha kiumbe kisichotaka kufa. Viputo vichache vikapanda juu.

Mumewe alipopiga simu kutoka safarini, alimsimulia kwa majivuno.

"Nimeyamaliza mwenyewe."

Mumewe akapandisha sauti juu ya mlio wa injini. "Ungemuuliza kwanza huyo mtu ni nani."

"Nimuulize ili anijibu nini? Maji yameshajibu."

Wiki zilizofuata nyumba ilitulia. Kalamu aliosha vyombo bila kuambiwa. Alijibu "ndiyo mama" na "sawa mama", akaingia chumbani kwake. Mama akasema moyoni, adabu imerudi. Kazini, wakati wa chai, wenzake walipolalamika kuhusu watoto wao na simu, aliwapa dawa: "Izamisheni tu. Simu ikizama, na ushetani wake unazama." Wakacheka mpaka wakamwagikiwa na chai. Hakujua kwamba anacheka kwa mara ya mwisho kwa muda mrefu.

Wiki ya sita, asubuhi, mlango wa chumba cha kufulia ulisukumwa na mwanamke mrefu aliyevaa kanga juu ya nguo ya kazi yenye unga. Alikuwa mwokaji wa mikate wa mtaa wa pili. Walijuana kwa kusalimiana tu, kwa kuwa binti zao walisoma shule moja. Wa mwokaji alikuwa mdogo, mwenye miaka kumi na mmoja.

"Mwanao yuko wapi?" aliuliza, bila salamu.

"Yuko shuleni. Kuna nini, dada?"

"Usiniite dada. Wangu hayupo tangu jana mchana. Alitoka kwenda kuonana na wako."

Mama Kalamu akavua glovu. Mashine zilikuwa zikinguruma, akadhani hakusikia vizuri. Mwokaji akatoa simu ya nyumbani kwake, ile ambayo binti yake alikuwa akiiazima, akamsogezea mpaka karibu na pua. Kwenye kioo alikuwepo Kalamu. Picha ile ile, kitandani, nywele hazijafungwa, anacheka. Jina juu yake: Kalamu. Chini yake, mchoro baada ya mchoro, viganja vya watu. Na maneno: *Njoo nikufundishe kuchora. Tukutane kwenye geti la uwanja wa mpira saa nane. Usimwambie mama yako, atakukataza bure.*

"Huyu si mwanangu," alisema Mama Kalamu.

"Si mwanao? Uso huu wa nani?"

"Uso ni wake. Lakini hana simu. Simu niliizamisha. Wiki ya sita sasa, hana simu!"

"Basi nani anaandika?"

Mwenzake mmoja alizima mashine, na swali lile likabaki limening'inia katikati ya chumba. Mama Kalamu alivua aproni, akatoka kumfuata Kalamu shuleni.

Walikwenda polisi wote wanne: mama wawili, Kalamu katika sare zake za shule, na mjomba wake, mdogo wa Mama Kalamu, ambaye kazi yake ni kutengeneza simu. Ofisi ya dawati la watoto ilikuwa chumba kidogo chenye viti vya plastiki na kabati lisilofungika. Askari aliyekuwa zamu, mwanamke wa makamo mwenye miwani, hakupandisha sauti hata mara moja. Pengine ingekuwa nafuu angepandisha.

"Mwanangu," alimwambia Kalamu, "huna kosa hapa. Nieleze tu ilivyokuwa."

Kalamu alisimulia akiangalia sakafu. Ilianza na msichana mmoja mtandaoni, au mtu aliyejiita msichana, wa miaka kumi na minne, wa shule nyingine, anayependa kuchora. Alisifia michoro yake. Walizungumza miezi mitatu. Hawakuwahi kuzungumza kwa sauti. Kila mara msichana yule alisema spika ya simu yake ni mbovu. Aliuliza mambo madogo madogo: shule yako ipi, rafiki zako nani, mama anarudi saa ngapi. Akaomba picha ya kirafiki, akapewa. Baadaye akaanza kumwita mpenzi. Halafu akataka picha ambazo mtoto hapaswi kuombwa na mtu yeyote.

"Ukafanyaje?" aliuliza askari.

"Nilikataa. Akasema atachukua uso wangu aubandike kwenye mwili wa mtu mwingine, atume kwa walimu. Nikamwandikia, sitaki, nitamwambia mama."

"Vizuri sana. Akajibuje?"

Kalamu alikuwa akikunja na kukunjua pindo la sketi.

"Akasema, mwambie. Atakupiga wewe."

Mama Kalamu alihisi kiganja chake cha kulia kinamuwaka, akakificha chini ya paja kama mwizi anayeficha alichoiba.

"Mazungumzo hayo yako wapi?" askari aliuliza taratibu. "Nahitaji jina la akaunti yake ya mwanzo, namba, ujumbe wowote. Hata mmoja."

"Nilikuja kumwonyesha mama," alisema Kalamu. "Yalikuwepo yote."

Askari aligeuza miwani kwa mama. "Ulimfumania, au alikuja mwenyewe?"

"Alikuja mwenyewe."

"Alikuja mwenyewe," askari alirudia, akaandika. Mwokaji alisimama, akamtazama Mama Kalamu, akasema kwa sauti ya chini kabisa, "Ulikuwa naye mkononi mwako. Ulikuwa umemshika huyo mtu mkononi mwako, ukamuachia aje kwangu."

Mjomba aliichukua ile simu. Ilikuwa bado uani, chini ya matofali, ilipotupwa. Aliifungua kwenye meza yake ya kazi, akaisafisha kwa spiriti, akaipasha joto, akaijaribisha kwa betri nyingine. Ndani ilikuwa imeota kutu ya kijani. Mama Kalamu alikaa pembeni yake kutwa nzima, akiangalia kila bisibisi inavyozunguka.

"Dada, hii imekwenda."

"Na akaunti? Wewe si husema vitu vya mtandaoni havipotei?"

Mjomba akajikuna kichwa. "Mtu akifuta akaunti hii, wanaitunza siku thelathini. Ndani ya siku hizo unaweza kuirudisha na kila kilichokuwemo. Baada ya hapo imefutika kweli."

Mama Kalamu alihesabu kwa vidole. Ilikuwa siku ya arobaini na moja. Siku thelathini nzima, wakati yeye anafundisha wenzake kuzamisha simu, yule mtu alikuwa bado amelala mle ndani na maneno yake yote, akisubiri kuinuliwa kwa vidole viwili tu.

Ile akaunti ya uongo nayo ilifungwa na mwenyewe usiku wa siku ile ile walipokwenda polisi. Polisi waliifuatilia mpaka kwenye laini ya simu iliyosajiliwa kwa jina la bibi kizee aliyekwishafariki. Hapo njia ikakatika.

Binti wa mwokaji alipatikana siku ya tatu, amekaa kwenye ngazi za zahanati katika mji mwingine, bila viatu. Alikuwa hai. Watu walimshukuru Mungu kwa hilo, na shukrani ile haikuwa na pa kuendelea. Yaliyompata aliyaeleza kwa daktari na kwa yule askari mwenye miwani, na hao wakayaandika na kufunga jalada. Mtaani yalisemwa mengi, kwa kuwa mtaa haukubali kukosa habari. Na katika yaliyosemwa, jina lililotajwa lilikuwa moja tu walilokuwa nalo. Yule mtu hakuwa na jina. Kalamu alikuwa nalo.

"Ndiye aliyemwita mwenzake."

"Mimi nimeiona picha, ni yeye kabisa."

"Mama yake alijua, ndiyo maana akaitupa simu majini. Kuficha ushahidi!"

Mwalimu wao wa kompyuta alijitahidi. Alisimama mbele ya wanafunzi, akaeleza jinsi mtu anavyoweza kuvaa uso wa mwingine. Watoto walisikiliza, wakaitika, na wakati wa mapumziko benchi la Kalamu likabaki na mtu mmoja. Mwalimu alikuja hata nyumbani. Alikunywa maji, akasema mambo ya maana kwa upole: mtoto akija na shida usimnyang'anye simu, usifute, piga picha ya yaliyoandikwa, zuia, toa taarifa, na kwanza kabisa umshukuru kwa kuja. Mama Kalamu aliitika kila neno. Kila neno lilikuwa sahihi, na kila neno lilimwingia kama msumari, kwa kuwa lilikuwa limechelewa.

Miezi miwili baadaye mjomba alikuja uso umemsawijika. Uso wa Kalamu ulikuwa umetokea tena, kwa jina jingine, ukiongea na watoto wa mbali. Alitoa taarifa kwa kampuni yenye mtandao. Jibu lilirudi kabla hajaweka simu mezani: *Tumekagua akaunti hii. Haikiuki kanuni zetu.* Akatoa tena. Akawaomba wateja wake watoe. Askari naye akaandika barua. Baada ya siku kumi na tisa akaunti ikaondolewa. Siku ya ishirini na tatu ilikuwepo nyingine.

"Ni kama kufukuza moshi kwa ungo, dada," alisema mjomba. Alijaribu kucheka. Hakuna aliyemsaidia.

Mama Kalamu alikwenda kwa mwokaji mara tatu. Mara ya kwanza na ya pili hakufunguliwa. Mara ya tatu mwokaji mwenyewe alitoka, akasimama kizingitini na mikono yenye unga.

"Nimekuja kuomba radhi," alisema Mama Kalamu.

"Najua ulichokuja nacho."

"Sina cha kujitetea."

"Sikiliza, Mama Kalamu. Nimekaa nikafikiri. Wangu angekuja na simu ile mkononi, mimi pia ningempiga. Ningempiga kuliko ulivyompiga wako." Alijipangusa mikono, ingawa unga haukutoka. "Ndiyo maana hakuja kwangu. Alikuwa ananijua. Sasa nenda. Akikuona anasikia jina la mwanao, na akisikia jina hilo halali."

Alirudi kwa miguu, njia ndefu, akipita nje ya ukuta wa shule ili asikutane na watu.

Dereva alirudi kutoka safari, akaiacha nafasi yake kwenye lori la mbali, akatafuta kazi ya kusambaza mizigo hapo hapo mjini ili awe nyumbani kila jioni. Alikuwa akikaa sebuleni na Kalamu, amenunua madaftari ya kuchorea na penseli za rangi, ameyapanga mezani vizuri. Yalikaa hivyo hivyo mpaka yakashika vumbi. Siku moja alimuomba amchoree kiganja chake tu, kwa mzaha, akakitandaza juu ya meza. Kalamu alikiangalia kwa muda, akasema, "Baba, naumwa kichwa," akaenda kulala. Shule ilipotaka picha ya kila mtoto kwa ajili ya kitambulisho cha mtihani, alikaa kwenye kile kiti mbele ya kamera, akafumba macho. Mpiga picha alimwambia fumbua, mara tano, mara sita. Wakamuacha aende.

Kazini, wakati wa chai, Mama Kalamu alisimama siku moja akawaambia wenzake. Hakuwa mtu wa hotuba, aliongea akishika ukingo wa troli. Aliwaambia alichosema kuhusu kuzamisha simu kilikuwa ujinga, na ujinga huo umemlipukia usoni. Aliwaambia mtoto akija na jambo, hata likiwa baya kiasi gani, mkalisheni, msome mpaka mwisho. Akawaambia hata lile jibu la yule mtu: atakupiga wewe.

Wafuaji walitikisa vichwa. Mmoja alifuta machozi kwa upindo wa aproni. Halafu yule aliyekaa karibu na mlango akapuliza chai yake, akasema, "Pole sana, mwenzetu. Mimi namshukuru Mungu, mwanangu bado mdogo, simu yangu anaangalia katuni tu."

"Na wangu anacheza mchezo wa magari," akasema mwingine. "Anacheza na wenzake wa huko huko mtandaoni, hata nje hatoki. Hanisumbui kabisa."

Mama Kalamu aliwatazama mmoja mmoja. Alitaka kusema, hao wenzake ni akina nani? Lakini kengele ya mashine ikalia, wakainuka, wakatupa vikombe kwenye beseni. Kazi ikaendelea.

Jioni alifika nyumbani, akavua viatu mlangoni, akaenda moja kwa moja kwenye chumba cha bintiye, kama alivyofanya kila siku tangu ile Alhamisi ilipojulikana ilikuwa nini. Kalamu alikuwa amekaa kitandani, mgongo ukutani, daftari la hesabu mapajani. Mama akakaa ukingoni mwa kitanda, akaiweka mikono yake yote miwili juu ya magoti, mahali inapoonekana.

"Mwanangu, leo ilikuwaje?"

"Salama."

"Kuna kitu ungependa kuniambia? Chochote. Sitagomba."

Kalamu aliinua macho. Hayakuwa na hasira. Mama angeiona hasira humo, angeishukuru. Yalikuwa macho ya mtoto mwenye heshima, anayemjibu mtu mzima asiyemfahamu sana.

"Hakuna, mama."